Namna ya Kuchagua Gemu na Chombo cha Kuchezea Ukiwa Tabora

Anayetaka kuanza kucheza gemu, au anayetaka kumnunulia mwanawe chombo cha kuchezea, kwa kawaida huuliza gemu ipi ni nzuri. Ningemshauri aanze na swali jingine: gemu hii itanidai nini kila siku nitakayoicheza? Bei ya kununulia hulipwa mara moja ikasahaulika, lakini umeme, bando, nafasi ya kuhifadhia mafaili, muda na fedha zinazoombwa ndani ya gemu yenyewe hudaiwa kila siku, na hayo ndiyo yanayoamua kama chombo kitatumika mwaka mzima au kitaishia kabatini. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayeishi Tabora, awe Isevya, Ng'ambo, Cheyo au Ipuli. Maoni yaliyomo ni yangu, na nitaeleza sababu zake ili asiyekubaliana nami ajue tumeachana wapi.

Sifa nyingi za gemu tunazozisikia hutoka kwa watu wanaocheza katika mazingira yasiyofanana na yetu, wenye intaneti ya waya isiyo na kikomo na umeme wasioufikiria kabisa. Hawakudanganyi, ila hawazungumzi nawe. Kabla ya kuyapokea maoni ya mtu yeyote, tafuta alichezea chombo gani, kwa mtandao gani, na kwa muda gani kabla ya kutoa hukumu. Mtu anayeisifu gemu ya kivita ya Call of Duty: Mobile akiwa na simu yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 12 hajakueleza lolote kuhusu simu yako ya GB 3, na aliyecheza jioni moja tu amekupa maoni yake kuhusu mwanzo wa gemu.

Simu

Kwa wengi wetu simu ndiyo chombo cha kwanza, na mara nyingi ndicho cha pekee. Kipimo cha kwanza cha gemu ya simu ni rahisi. Ipakue, ifungue mara moja ukiwa na mtandao ili imalize kuchukua mafaili yake, ifunge kabisa, weka simu katika hali ya ndegeni, kisha ifungue tena na ucheze hatua moja hadi mwisho. Gemu itakayokubali itakufaa bando likiisha, na itakufaa ndani ya treni ya Kigoma unapopita kati ya Kaliua na Uvinza, ambako mtandao huja na kupotea. Subway Surfers hufaulu kipimo hiki, na Alto's Adventure pia. Free Fire, PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile hazifaulu, kwa sababu zimejengwa juu ya kukutana na watu wengine kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayowaunganisha wachezaji.

Miongoni mwa zinazofaulu, ninayoipenda kuliko zote ni Stardew Valley. Mtu mmoja, Eric Barone, aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2016 na kufika kwenye simu za Android mwaka 2019. Unalipa mara moja, hakuna matangazo, na hakuna chochote kinachouzwa ndani yake. Mchezaji anarithi shamba la babu yake na kuanza kulima katika mwaka wenye misimu minne ya siku 28 kila mmoja. Ukichelewa kupanda, msimu hubadilika na mazao yaliyokuwa bado shambani hunyauka usiku mmoja. Mtu aliyekulia katika mkoa ambao mkulima hutazama mawingu kuanzia Novemba ataielewa hesabu hiyo haraka kuliko wachezaji wengi wa mijini, na ndiyo maana ninawashauri hata watu wazima wasiowahi kucheza gemu waanze nayo.

Hiyo haina maana kwamba gemu za mtandaoni ni mbaya. Free Fire, iliyotoka mwaka 2017, huwaweka wachezaji 50 katika pambano la dakika 10 hivi na imetengenezwa ili ikubali simu zenye uwezo mdogo, jambo ambalo ninaliheshimu sana kuliko picha nzuri. Ukitaka kujua kama mtandao wako unaitosha, angalia namba ya milisekunde inayoonekana pembeni mwa skrini, ambayo ni muda wa mawasiliano kati ya simu na seva. Ikiwa chini ya 100 utacheza vizuri. Ikivuka 200 na kurukaruka, utakuwa unampiga risasi mtu aliyekwisha kuondoka mahali hapo, na hakuna mazoezi yatakayokusaidia. Pima mchana na upime usiku, kwa kuwa matokeo huweza kutofautiana sana, kisha chagua saa zako.

Kuhusu bando, kucheza kwenyewe hutumia data kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kinachomaliza kifurushi ni masasisho, ambayo huweza kufika GB kadhaa na kujipakua yenyewe wakati simu iko mfukoni. Ingia kwenye mipangilio ya Play Store uzime masasisho ya moja kwa moja, kisha uyafanye mwenyewe unapokuwa na kifurushi cha kutosha.

Upande wa fedha ninakuwa mkali zaidi. Candy Crush Saga, ya mwaka 2012, humpa mchezaji maisha matano, na kila moja likipotea hurudi baada ya dakika 30, isipokuwa ukilipa. Gemu yenye mpango huo inauza mwisho wa subira yake yenyewe, na sioni kwa nini nimlipe mtu ili aniondolee kero aliyoiweka kwa makusudi. Kibaya zaidi ni masanduku ya bahati nasibu, ambamo unalipa bila kujua utapata nini. Nchini Ubelgiji, mwaka 2018, tume ya michezo ya kubahatisha ilitamka kwamba masanduku hayo katika baadhi ya gemu ni kamari. Kama simu inashikwa na mtoto na ina njia ya malipo iliyounganishwa, washa takwa la nywila kwa kila ununuzi kabla hujampa.

Gemu za zamani

Wapo wanaodhani kwamba gemu za zamani ni za kufariji watu wenye kumbukumbu. Nadhani wanakosea, na hapa nitakaa kidogo. Super Mario Bros., iliyotoka mwaka 1985 chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto, ilikaa yote ndani ya kaseti ya kilobaiti 40, yaani ndogo kuliko picha moja ya kawaida tunayotumiana kwa WhatsApp. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba mawingu ya juu na vichaka vya chini ni umbo lilelile lililobadilishwa rangi tu, kwa kuwa watengenezaji hawakuwa na nafasi ya kuchora mara mbili. Upungufu huo uliwalazimisha kuiwekea akili yote mienendo yenyewe: urefu wa mruko, kasi ya kukimbia, na mahali hasa pa kumweka adui wa kwanza ili mchezaji asiyeambiwa lolote ajifunze kwamba anapaswa kuruka. Tetris, iliyotungwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, haina hadithi wala mhusika, na bado sijaona gemu ya simu ya mwaka huu inayoizidi kwa usafi wa wazo. Hata mchezo wa nyoka uliokuja na Nokia 6110 mwaka 1997 ulifundisha jambo hilohilo kwa vitufe vichache.

Kwa mkazi wa Tabora kuna sababu ya pili: gemu hizi hazidai kitu. Hazitaki bando, hazisasishwi, na hazihitaji chombo cha bei kubwa.

Ukitaka chombo halisi, ninapendekeza PlayStation 2 iliyotumika, ya umbo jembamba lililotoka mwaka 2004, kwa sababu ni nyepesi na vipuri vyake bado vinazunguka kwa mafundi na kwa wenye vibanda vya gemu. Usinunue kabla ya kuifanyia ukaguzi ukiwa hapohapo. Kwanza, soma kibandiko cha umeme kilichoko kwenye mashine au kwenye adapta. Kikiandikwa 100–240V ni salama, lakini mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani huweza kuwa ya volti 100 pekee, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 itaungua. Pili, weka diski na usubiri gemu ifunguke hadi uwanjani au barabarani, si hadi kwenye nembo tu, kwa maana lenzi iliyochoka husoma mwanzo wa diski na kukwama baadaye. Tatu, shika padi na uache kijiti bila kukigusa. Mhusika akitembea mwenyewe, padi hiyo imekwisha. Nne, hifadhi gemu kwenye memori kadi ya MB 8, zima mashine kabisa, iwashe tena na uhakikishe kwamba ulichohifadhi kipo. Muuzaji anayekataa ukaguzi wa robo saa ameshakupa jibu.

Ukiwa bado una TV ya chogo nyumbani, usiitupe. Mashine hizi ziliundwa kwa ajili ya TV hizo, na kitufe kikibonyezwa picha hujibu papo hapo, ilhali TV bapa huchelewa kidogo na kuharibu mruko ulioupima vizuri. Kama una TV bapa pekee, tafuta kwenye mipangilio yake hali ya gemu, na kabla ya kununua mashine hakikisha kwamba TV ina matundu ya waya wa rangi tatu, njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti, kwani nyingi za siku hizi hazina.

Asiyetaka mashine anaweza kutumia programu ya kuigiza mashine ya zamani ndani ya simu. Maarufu zaidi kwetu ni PPSSPP, iliyoanzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012, ambayo huigiza PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, na huendeshwa vizuri hata kwenye simu za kawaida. Vijana wengi wanaijua kwa sababu ya gemu za mpira. Programu yenyewe ni halali na hupatikana bure. Mafaili ya gemu, hata hivyo, yana wenyewe, na njia safi ni kuyatoa kwenye diski uliyoinunua. Kuongoza kwa kidole kwenye kioo cha simu hakufurahishi kwa gemu za aina hii, kwa hiyo fedha ya kwanza utakayopata itumie kununua padi ndogo ya bluetooth.

Kompyuta

Nikiulizwa chombo kimoja cha kununua kwa anayeanza na ana akiba ya wastani, jibu langu ni laptopu ya ofisi iliyotumika, ya aina kama Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad. Itafanya kazi za shule na za biashara mchana, na usiku itakufungulia maktaba ya gemu kubwa kuliko ya chombo kingine chochote. Kuhusu umeme, chaja ya laptopu ya namna hiyo kwa kawaida huandikwa wati 65, ilhali kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa ya grafiki huweza kuvuta wati 300 na zaidi ikiwa inafanya kazi kwa nguvu. Yule anayenunua LUKU mwenyewe ataiona tofauti hiyo kabla ya mwezi kuisha. Zaidi ya hapo, umeme ukikatika, laptopu huendelea kwa betri na mchezo haupotei.

Sharti la chini ninaloliweka ni RAM ya GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka. Wakati wa ukaguzi, iache ikifanya kazi kwa nusu saa, kisha weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa: hewa ya moto inayotoka kwa nguvu ni dalili njema, lakini ukisikia joto kwenye kibodi huku tundu likiwa kimya, feni imeziba au imekufa. Kwa Tabora jambo hili ni kubwa. Kiangazi chetu kina vumbi jingi, na joto la Oktoba, kabla mvua hazijaanza, huifanya mashine iliyoziba ipunguze kasi yenyewe ili isiungue, na mchezaji huishia kuilaumu gemu. Ifunguliwe na fundi isafishwe mara moja kwa mwaka, na usicheze ukiwa umeiweka juu ya godoro au kochi. Radi zikianza, chomoa chaja ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Laptopu hiyo haitaendesha gemu za kivita za mwaka huu, na hupaswi kusikitika. Itaendesha Half-Life 2 ya mwaka 2004, Portal ya mwaka 2007, Undertale ya mwaka 2015 na Age of Empires II, ambazo ninaziweka mbele ya gemu nyingi zinazohitaji mashine ya mamilioni. Portal hasa ningependa ichezwe na kila mwanafunzi wa sekondari: inakupa kifaa kimoja cha kufungua milango miwili ukutani, unaingia huku ukitokea kule, na kwa saa chache tu inakufanya ufikiri juu ya mwendo na mwelekeo bila kukuandikia kanuni hata moja. Naitaja pia Aurion: Legacy of the Kori-Odan, iliyotengenezwa na Kiro'o Games huko Yaoundé, Kameruni, na kutoka mwaka 2016. Mapigano yake hujirudia, na sitalificha hilo, lakini majina, mavazi na masimulizi yake yametoka barani kwetu, na ninatamani zije nyingi zaidi.

Duka kubwa la mtandaoni la gemu za kompyuta ni Steam, lililofunguliwa mwaka 2003. Linarudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza kufikia saa mbili, kwa hiyo gemu yoyote unayoitilia shaka ijaribu mara tu ukimaliza kuipakua. Duka la Epic limekuwa likitoa gemu za bure tangu Desemba 2018. Zichukue kwenye akaunti hata kama huna bando la kuzipakua leo. Steam hukuruhusu kucheza bila intaneti, ila ni lazima uwe umeingia kwenye akaunti na kuifungua gemu angalau mara moja ukiwa na mtandao. Fanya hivyo siku ileile unapoisakinisha.

Raha kubwa ya kompyuta hapa kwetu, kwa maoni yangu, ni kuunganisha laptopu mbili au tatu kwa hotspoti ya simu bila kuwasha data. Minecraft na Counter-Strike za matoleo ya zamani hukubali njia hii. Mnakaa chumba kimoja, hakuna anayechelewa kwa sababu ya seva iliyoko mbali, na bando halitumiki hata kidogo.

Miwani ya uhalisia pepe

Hii ni miwani inayoziba macho na kukuonyesha ulimwengu wa gemu pande zote. Hapa ushauri wangu ni kujaribu kabla ya kumiliki, na kama ni kumiliki, basi kwa kuchangiana. Miwani kama Meta Quest 3 ya mwaka 2023 ilitangazwa kwa dola 499 za Marekani, na Quest 3S ya mwaka 2024 kwa dola 299, kabla ya usafiri na ushuru. Inahitaji akaunti na intaneti ya kuianzisha, betri yake hukaa kama saa mbili, na kucheza ukiwa unatembea hutaka eneo tupu la mita mbili kwa mbili, nafasi ambayo sebule nyingi hupata tu baada ya kuhamisha meza na makochi.

Hata hivyo sitaidharau. Beat Saber, ya mwaka 2018, ambamo unakata vipande vinavyokujia kwa kufuata mapigo ya muziki, ni gemu ambayo haielezeki kwa video; mwili wote unacheza, na mtu asiyejua hata kushika padi huielewa kwa dakika moja. Tena haisababishi kichefuchefu kwa urahisi, kwa kuwa unasimama mahali pamoja. Kichefuchefu hutokea pale macho yanapoona unatembea huku sikio la ndani likisema umetulia. Anza na gemu ya kusimama au kukaa, kwa dakika tano hadi kumi, na ukihisi jasho la baridi vua mara moja. Kujikaza hakumzoeshi mtu. Humfanya aichukie miwani.

Usiiache kamwe mahali jua linapoweza kuingia kwenye lenzi, hata kwa dakika chache karibu na dirisha, kwa sababu lenzi hukusanya miale na kuiunguza skrini kwa ndani. Vumbi lifute kwa kitambaa laini kikavu. Watoto wa chini ya miaka 10 wasiivae. Huo ndio umri wa chini ulioruhusiwa na Meta, kampuni inayotengeneza Quest. Vibebeo vya bei rahisi vya kuwekea simu, vilivyoanza na Google Cardboard ya mwaka 2014, nisingevinunua: simu nyingi za bei nafuu hazina kihisi cha mzunguko kinachohitajika, na hata zikiwa nacho utatazama tu, hutacheza.

Kuamua kama gemu inakufaa

Baada ya siku chache za kwanza, jiulize ni nini kilichokurudisha. Kama umerudi kwa sababu kulikuwa na hatua uliyotaka kuivuka, mahali ulipotaka kupaona au rafiki uliyetaka kumshinda, gemu hiyo ina kitu. Kama umerudi kwa sababu ya zawadi ya kuingia kila siku, au kwa kuogopa kupoteza ulichokusanya, iache kwa siku tatu uone kama utaikumbuka. Na ukimshauri mwenzako, mtajie chombo, mtandao na ulichokiona wewe mwenyewe. "Kwenye simu yangu ya GB 3 inakwama tukiwa watu wengi uwanjani" ni maoni yenye faida kuliko sifa za jumla.

Ukifika wakati wa kuuza chombo ili ununue kingine, anza na akaunti. Gemu ya simu uliyokuwa ukiicheza kama mgeni iunganishe na akaunti ya Google au nyingine inayokubalika, la sivyo maendeleo yako yote yatapotea simu ikifutwa. Toka kwenye Steam, ondoa njia za malipo, nakili mafaili ya gemu kwenye diski ya nje ili usiyapakue upya, kisha rudisha chombo katika hali ya kiwandani mbele ya mnunuzi mwenyewe, naye akiwashe na kuona kwamba hakidai nywila ya mtu.